Chumba cha Frigolite

Siku ya arobaini ya Mjomba Hamisi, wageni walipokwisha kuondoka na masufuria ya pilau yameinamishwa uani yakauke, Rehema alikuja akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akaweka funguo za marehemu katikati yetu. Zilikuwa nyingi, zimeshikwa na pete ya chuma iliyoning'inia kiunoni mwa Mjomba miaka yote niliyomjua, kwa sababu alikuwa fundi wa frigo, na watu walimwachia vifunguo vidogo vya majokofu yao wakasahau kuvifuata. Rehema alivipitisha kimoja kimoja kati ya vidole kama anayevuta uradi, kisha akaniuliza ni upi wa chumba cha nyuma. Sikuhitaji kuutafuta. Ni ule mfupi wenye kitambaa chekundu, na kitambaa kile nilikifunga mimi, kutoka pindo la kitenge changu, mwaka aliozaliwa yeye.

"Dada Asha," akasema, "mi nimeishi mu hii nyumba toka nizaliwe, na hiki chumba sijakiona. Kila mutu ananiambia mama alikufa na uzazi. Na we utaniambia hivyo hivyo?"

Niliutazama mlango. Rangi yake ya kijani ilikuwa imebabuka chini, mahali ambapo maji ya kudekia hufika, lakini pembeni, pote pembeni, bado ile raba nyeusi ilikuwa imeubana kwenye fremu kama mdomo uliokataa kusema. Mama yake hakufika umri nilio nao leo. Nilipokuwa nikimhudumia nilimwona mtu mzima kabisa, mwenye majibu, na sasa nikimkumbuka namwona msichana aliyevaa kanga nyeupe, amekaa ukingoni mwa kitanda anangoja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitolewa mtaa wa Buyenzi nikapelekwa Carama, pembezoni mwa Bujumbura, kukaa na Mama Mdogo Zaina, ambaye mume wake, Juma, alikuwa amefariki baada ya lori lake kupinduka kwenye mteremko wa Bugarama. Mjane kwetu hukaa eda, na mjane mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Hukaa katika nyumba ya mumewe, hatoki ila kwa shida ya lazima, hajipaki manukato, hajipambi. Mama Mdogo alikuwa na mimba changa. Kwa mwanamke mwingine hilo lingekuwa jambo la subira tu, lakini yeye mimba mbili zilikwisha kumtoka, zote mbili katika miezi ya joto, na hii ya tatu, pamoja na nyumba isiyokwisha, ndiyo ilikuwa mali yote aliyoachiwa na Juma. Siku niliyofika alinionyesha msumari wa kutundika mkoba wangu, akaniambia bila kugeuka, "Hii haitoki, Asha. Nitalala chali mpaka siku ya mwisho, lakini haitoki."

Nyumba ilikuwa kuta za tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, na mabati juu, basi. Dari Juma alikuwa amelikusudia kwa mwaka unaofuata. Carama ya siku zile ilikuwa bado viwanja zaidi ya nyumba, na kati ya kiwanja na kiwanja watu walilima mahindi na muhogo, na hapakuwa na kivuli cha kumkinga mtu. Jua lilipopanda mabati yalianza kulia. Ni sauti ndogo, ta, ta, ta, kama kucha zinazogonga bakuli. Ni bati linalotanuka. Mimi nilikulia chini ya sauti hiyo sikuwahi kuisikia, mpaka nilipokaa karibu na mtu aliyekuwa akiihesabia mimba yake. Kila bati lilipolia alifumba macho. Tulikula mapema, kabla ya joto kuingia ndani, ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, au maharage yaliyolala, na baada ya hapo hakuweka kitu mdomoni isipokuwa ndimu yenye chumvi aliyoinyonya amelala sakafuni, shavu kwenye saruji, akihama kidogo kidogo kufuata sehemu ambayo mwili wake haujaitia moto. Ukiingia mchana ungeweza kuona njia yake yote sakafuni, jasho juu ya jasho, kama kitu kilichojikokota.

Wanawake wa Buyenzi walikuja Ijumaa kumpa pole. Walikaa sebuleni wakijipepea na ncha za kanga, na mimi nikiwa uani napepeta mchele niliwasikia. Walizungumza juu ya Juma jinsi alivyokuwa mcheshi, wakazungumza juu ya wifi zake, wakashusha sauti wakazungumza juu ya zile mimba mbili. Mmoja alisema joto halijaua mimba ya mtu, kama joto linaua mimba Bujumbura ingekuwa pori. Wakacheka kidogo, kicheko cha matangani, cha mdomo uliofunikwa. Jirani yetu Mama Fidele, ambaye ni Mkristo na alikuwa hajui mambo ya eda, alinisimamisha kwenye ukuta wa miyenzi, ile miti ya ua, akaniuliza kwa upole kama yule dada amefungwa na wakwe. Nilimweleza. Alitikisa kichwa, akasema "Ihangane, mwanangu," yaani vumilia, akaniingizia kati ya majani kopo la uji wa mtama nimpelekee. Uji ule ulikuja kila asubuhi mwaka mzima.

Mwezi wa saba wa mwaka ule Mama Mdogo alianguka bafuni, akaona damu. Kituo cha afya kilimlaza siku mbili, damu ikakatika, na muuguzi akasema kwa Kirundi, kwa ukali wa mtu aliyechoka, kwamba huyu mama hana ugonjwa wa kutibiwa kwa sindano, ana nyumba inayompika, mtafutieni mahali pa baridi. Mjomba Hamisi, kaka yake, alitaka kumchukua Buyenzi, kwenye nyumba ya zamani ya udongo yenye dari la matete. Hapo ndipo waligombana. Bi Mariamu, mama mtu mzima aliyewakanda wazazi wote wa ukoo wetu, alisema eda haihamishwi kama kuku, ingawa kwa shida shehe angeweza kuruhusu. Wakaendea ruhusa ya shehe, akairuhusu. Aliyekataa ni Mama Mdogo mwenyewe. Alisema akitoka pale itakuwa amemwacha Juma mara ya pili, maana mara ya kwanza walizika yeye yuko hospitali amezimia. Mjomba alizunguka uani mara kadhaa, pete ya funguo ikilia kiunoni. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya kuchomwa na moto wa kulehemu, na hakuzoea kushindwa na kitu kibovu. Akarudi mlangoni.

"Basi sawa," akasema. "Kama we hufuati baridi, baridi itakufuata. Nitakufanyia chambre froide, chumba cha baridi."

Frigolite ni ile povu nyeupe ngumu, nyepesi kuliko mkate, ambayo televisheni na majokofu huja yamepakiwa ndani yake, na ambayo wanunuzi wa samaki hutumia masanduku yake kusafirishia mukeke na sangala kwenye barafu. Mjomba ndiye aliyetengeneza vyumba vya baridi vya wanunuzi kadhaa, kwa hiyo masanduku yaliyopasuka walimpa bure. Aliyaleta kwenye baiskeli, yamerundikwa na kufungwa kwa mipira mpaka kupita kichwa cha mwendeshaji, na kwa mbali ungedhani wingu limepotea njia, linakokotwa kwenye vumbi la Carama. Watoto walilifuata. Tuliyaosha uani kwa Omo na malimau, tukayaanika, tukayaosha tena, na bado yalinuka. Mjomba aliyakata kwa waya uliowashwa moto, vipande vikawa bapa, sawasawa, kama daftari. Alianza kuyagandisha kwa kole, gundi ya washona viatu, na kole ikayala; frigolite ilirudi nyuma kutoka kwenye kole kama sukari ndani ya chai, ikaacha shimo. Alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo tulipika uji mzito wa unga wa muhogo, tukapaka uji, tukavibandika chini ya mabati ya chumba cha nyuma viwe dari, tukazuia kwa fito za mbao na misumari. Chengachenga zake ndogo nyeupe ziliingia kila mahali. Tulizikuta ndani ya maharage, ndani ya nywele, kwenye mikeka ya kuswalia, na Mama Mdogo alipokohoa alizikuta kwenye kanga. Alipoingia mara ya kwanza harufu ya samaki ilimrudisha mbio akatapika, akasema ndani ya kutapika, "Hamisi, umeniweka mu tumbo la sangala," na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimsikie akifanya mzaha.

Dari peke yake lilitosha kushusha joto nusu. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Mjomba hakuwa fundi wa nyumba, alikuwa fundi wa frigo, na fundi wa frigo ana dini moja, tundu. Alinifundisha: frigo nyingi zinazoletwa zimekufa, mota yake ni nzima, gesi ni nzima, kinachoua ni raba ya mlango iliyochoka, hewa inapita, na kitu chenyewe kinafanya kazi mpaka kinajiua. Kwa hiyo aliwasha mshumaa, akaniwekea ndoo ya maji mkononi ikitokea ajali, akaupitisha polepole kwenye kila pembe ya chumba, mwali mbali kidogo na povu, akiangalia. Mwali ulipoinama alisema, "Unaona? Hapa inakufia," nikapiga alama ya mkaa, akaziba. Aliziba nafasi kati ya ukuta na mabati. Aliziba yale matofali ya matundu juu ya dirisha, ambayo kila nyumba ya Bujumbura inayo na hakuna anayeyafikiria, tundu moja moja, kwa vizibo vya frigolite alivyovichonga kwa wembe vikaingia kwa kusukuma. Mlango aliuzungushia raba alizozitoa kwenye frigo mbovu. Ukiufunga ulijivuta wenyewe, ukatoa pumzi, fuu, ukanata. Siku ya mwisho alipitisha mshumaa chumba kizima na mwali haukutikisika, ulisimama wima kama sindano. Alinitazama. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha safi vile, furaha ya mtu anayempenda dada yake na amepata pa kuuweka upendo wake.

Kulikuwa na utaratibu. Jioni tulifungua dirisha na mlango, hewa ya usiku ikaingia kutoka milima ya Gihosha, na kabla jua halijatoka tukafunga, tukakaa na baridi ile tuliyoikamata mchana kutwa, tukifungua mlango kwa kuibia, nikipita ubavuubavu na sahani. Sauti ya mabati iliisha. Mama Mdogo alilala kwa mara ya kwanza, akalala karibu siku mbili, na alipoamka alikula samaki. Nikiifikiria miezi ile sasa nashindwa niiite nini. Alikuwa mjane, alilia bado, alijifunika uso alfajiri na kulitamka jina la Juma chini ya shuka. Lakini chumba kilikuwa cheupe juu kama ndani ya yai, kilikuwa kimya, na tumbo lake likakua. Nilimsomea magazeti ya zamani yaliyofungia sabuni. Alinifundisha kushona ukingo wa kofia. Wale wanawake wa Ijumaa walipoingia waligusa dari, halafu wakaanza kukaa zaidi ya inavyopaswa, na nikamsikia mmoja anatoka akisema eda ya siku hizi imekuwa hoteli, na mwenzake akamjibu, "Na we fiwa basi, ukapange chumba." Mama Fidele alimwita samaki wa frigo. Alichungulia kila asubuhi na kopo lake akauliza, "Samaki iko namna gani?" na Mama Mdogo akajibu kutoka ndani, "Bado mubichi."

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi alijifungua hospitalini, kabla ya wakati kidogo, mtoto wa kike aliyeenea kwenye mikono miwili. Alilia. Hiyo ndiyo habari niliyokimbia nayo kutoka barabarani hadi kwenye miyenzi ya Mama Fidele: amelia. Walipowaruhusu kurudi, walituambia huyu mtoto asipigwe na baridi, na Mjomba akacheka kwamba amejenga chumba cha baridi na sasa wanataka joto. Akachukua sanduku moja zima la samaki alilokuwa amelibakiza, akalisugua mpaka likakwaruzika, akalitandika pamba na vitenge, akatoboa ubavuni, na mtoto akalazwa humo. Frigolite haijui baridi wala moto, alituambia, inashika kile unachoipa. Mtoto alishikiwa joto la mwili wake mwenyewe humo ndani, akawa moto kama mkate. Aliitwa Rehema.

Eda ilikuwa imekwisha siku ile ile aliyojifungua. Mama Mdogo angeweza kwenda popote. Mjomba alimuuliza tena habari ya Buyenzi, na safari hii hapakuwa na ugomvi, aliangalia tu dari lake jeupe na mtoto ndani ya sanduku akasema, "Niende wapi? Hapa ndipo kwangu."

Kisha mvua ikaja. Mvua za mwezi wa kumi na moja huko kwetu huteremka kutoka milimani kama ukuta, na chumba kile, ambacho kiliyashinda mabati, kiliishika baridi yake kama kilivyofundishwa. Kuta zilitoa jasho. Bi Mariamu alikuja kila asubuhi kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, na kumpasha joto kwa mbabula, lile jiko dogo la makaa, likiwekwa chini ya kitanda upande wa miguuni mpaka viungo vilegee. Hivyo ndivyo nilivyozaliwa mimi, na mama yangu, na Mama Mdogo mwenyewe, katika vyumba vilivyofungwa mlango na dirisha ili upepo usimpige mzazi, na mbabula inawaka ndani, na hakuna aliyepata neno. Lakini vyumba vile vilikuwa vya mabati yaliyoachana na ukuta, vya matofali ya matundu, vya milango unayoweza kupitisha mkono chini yake. Vilifungwa kwa jina tu. Sasa naona wazi kama ninavyouona mkono wangu. Siku zile hakuna aliyeona, si Bi Mariamu aliyejua mbabula, si Mjomba aliyejua matundu, kwa sababu kila mmoja alijua nusu yake na alikuwa hodari ndani ya nusu hiyo. Siku za kwanza mlango ulifunguliwa mara kwa mara, mtu anaingia, mtu anatoka. Waliokaa mle walilalamika kichwa kidogo. Bi Mariamu alisema ni damu ya uzazi inapanda.

Siku yenyewe mvua ilianza asubuhi haikuacha. Bi Mariamu alimaliza kazi yake, akangoja mvua ipungue, ilipopungua akaharakisha kuondoka kabla barabara haijajaa, na kwa sababu Mama Mdogo alikuwa akitetemeka, akaongeza makaa, akaiacha mbabula ndani. Mtoto alikuwa akinung'unika. Mama Mdogo alinyonyesha, akanipa.

"Mutoe kidogo, nilale," akaniambia. "Hata saa moja tu. Ufunge vizuri, baridi isiingie."

Nikambeba Rehema ndani ya sanduku lake mpaka jikoni, ambako ni kibanda cha uani chenye ukuta wa kufika kifuani. Nikaufunga mlango wa chumba. Fuu. Jikoni niliweka maharage, nikakaa kwenye kigoda na sanduku kando yangu, mbali na moshi, na juu yetu mvua ilipiga bati kwa kishindo kiasi kwamba sikuisikia hata sufuria ikichemka. Upepo ulipita huku ukatokea kule. Nilikuwa natetemeka mimi, na kila nikiingiza mkono ndani ya sanduku nakuta mtoto ana joto. Nilimwonea wivu Mama Mdogo, amelala kwenye ukimya.

Ilipofika alasiri mtoto akaamka kwa njaa. Nilimfunika kwa kanga nikakatiza uani. Mlango ulijivuta kidogo kabla ya kuachia. Ndani palikuwa na joto zuri, hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu yoyote isipokuwa ile ya samaki tuliyokuwa tumeizoea, na makaa yalikuwa yamefifia yana majivu juu. Mama Mdogo alilala ubavu, mkono chini ya shavu. Midomo yake ilikuwa na rangi nzuri, kucha zake zilikuwa na rangi ya waridi, na nilifikiri, mvua imempa usingizi, amepona. Nikamwita kwa sauti ndogo. Nikafungua kanga yake, nikamweka mtoto kwenye ziwa lake. Rehema alilishika, akanyonya, na maziwa yakatoka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiwatazama. Kichwa kilianza kunigonga. Ni mkono wake ndio niliogusa mwishowe, ule wa chini ya shavu, nikitaka kuunyoosha usife ganzi, nao haukunyooka.

Sikumbuki nilivyotoka. Mama Fidele anasema alinikuta nimepiga magoti kwenye matope nimemkumbatia mtoto, natapika. Aliingia, akatoka, akarudi kulifungua dirisha kwa kulisukuma na bega. Mjomba alifika jioni, nguo zimelowa, pete ya funguo mkononi ili isipige kelele, kwa kuwa alidhani mtoto amelala. Wanawake walimpisha. Alimtazama dada yake. Kisha nikamwona macho yake yakishuka kutoka kitandani hadi kwenye mbabula, kutoka kwenye mbabula hadi mlangoni, yakapanda kwenye vile vizibo vyeupe juu ya dirisha, kimoja kimoja, kama siku ile ya mshumaa.

"Mulango ulikuwa umefungwa?"

Nikasema ndiyo.

"Na dirisha?"

Nikasema ndiyo, Mjomba.

"Basi ni mi," akasema. "Nimemufunga mi mwenyewe."

Bi Mariamu alisema ni yeye, ndiye aliyeiacha mbabula. Walibishana hivyo mbele ya maiti, kwa sauti ya chini, kila mmoja akiivutia kwake, mpaka shehe alipowaambia ni siku yake ilifika na wanyamaze. Kituo cha afya walieleza habari ya hewa ya makaa isiyoonekana. Lakini watu wa Carama na wa Buyenzi waliambiwa uzazi, na uzazi unaua wengi kiasi kwamba hakuna aliyeuliza. Alioshwa katika chumba kile kile. Walipomtoa, Mjomba alikifunga, akanipa ufunguo nishike, na mimi nikaufunga kitambaa kabla ya kuurudisha kwenye pete yake, ili usichanganyike na zile za frigo. Hakukigusa tena. Alihamia nyumba ile akamlea Rehema na maziwa ya kopo na uji wa Mama Fidele, akalala sebuleni miaka yote hiyo na mlango wa mbele wazi, mvua ikiingia mpaka miguuni pake. Wezi wa mtaa wa Kinama walikuwa wanamfanyia mzaha kwamba kumwibia Hamisi hakuna utamu. Aliendelea kutengeneza majokofu, kwa kuwa hakujua kazi nyingine, lakini alimrudishia mtu frigo yake akiwa ameuzuia mlango wazi kwa kijiti, na kufunga alimwachia mwenyewe.

Hayo yote nilimwambia Rehema pale mkekani, si kwa mpangilio huu. Alisikiliza akiushika ufunguo. Nilipomaliza alinyanyuka akaenda kufungua, na ilibidi tuvute wote wawili, kwa sababu raba ilikuwa imegandana na fremu. Ilipoachia, mlango ulitoa pumzi ile ile.

Nje jua la mchana lilikuwa linapika uwanja, mabati ya sebuleni yanalia. Mle ndani palikuwa na baridi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vumbi, kwa panya, kwa dari lililoanguka, na dari lilikuwepo, limekuwa la manjano kidogo kama jino, fito zake zimenyooka, hakuna kipande kilicholegea. Kitanda hakikuwepo. Rehema alisimama katikati ya sakafu akainua uso, na nikaona ngozi ya mikono yake ikisisimka.

"Kumbe alijua kazi," akasema.

"Alijua."

Alitembea ukutani akigusa kwa ncha za vidole. Kisha akaniuliza bila kunitazama, yeye mwenyewe siku ile alikuwa wapi. Nikamwambia alikuwa nje na mimi, jikoni, ndani ya sanduku la samaki, na wala hakuhitaji moto. Akauliza nani alimtoa.

"Yeye. Alisema nikutoe kidogo, alale."

Halafu akatoka, akarudi na mshumaa uliobaki kwenye kisomo cha arobaini na kigoda cha jikoni, akaniwekea mshumaa mkononi, akaniambia nisogee dirishani. Mwali ulisimama wima. Rehema alipanda kigodani, akaweka kidole gumba kwenye kizibo cha kwanza, akasukuma. Hakikutoka. Akasukuma kwa mikono miwili, na kikatoka kwa mlio mdogo mkavu, kikaanguka upande wa pili, kwenye jua, na chengachenga nyeupe zikamwangukia usoni. Tundu lilikuwa dogo, lisilozidi yai.

Mwali ukainama.

Rehema aliutazama mpaka alipohakikisha, akapangusa macho kwa mkono wenye vumbi, akasogeza mkono wake kwenye kizibo cha pili.